Mama Mkwe na Mvua ya Mawe

Isecheno, kando ya msitu
9 Novemba 1997

Kwa binti yangu Rosebella, huko Chekalini.

Bwana asifiwe. Nakusalimu kutoka huku ambako hakuna kitu kimebaki kikavu isipokuwa koo langu kwa kuimba. Nimesikia umejifungua salama, mtoto ni msichana, na mume wako Were amechinja jogoo. Jogoo mmoja tu? Ulipozaliwa wewe mimi nilichinja mpaka majirani wakauliza kama ni arusi.

Mimi ni mzima. Watu hapa wanalia na hii mvua, eti haijawahi kuonekana. Redio inaiita Elnino. Mimi naiita mvua. Nilipasua mbao ndani ya msitu huu wakati miti yake ilikuwa minene kama nyumba, maji yakinimwagikia mgongoni tangu Krismasi hadi Pasaka, na sikukohoa. Vijana wa siku hizi wakilowa magoti wanatafuta daktari.

Sasa nikueleze mambo ya Jumatano. Pasta Cleophas alitangaza siku ya kufunga na kuomba ili mvua ipungue, maana mahindi yanaoza yakiwa bado yamesimama na baridi imekuwa ya kuuma mifupa. Watu wote walikuja kanisani asubuhi, hata wale wanakujanga Krismasi peke yake. Mimi nilikaa mahali pangu. Unapajua. Nje, upenuni, kando ya dirisha la pili. Kwa sababu nyanya yako alikuwa ndani.

Najua utaanza ile hotuba yako, kwa hivyo wacha nikujibu kabla hujauliza. Yule mama ndiye alimzaa mama yako Kageha, Mungu amlaze. Mtu mwenye heshima haingii chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hali naye, hampi mkono, hataji jina lake. Ndivyo nilifundishwa, na tangu nioe sijavunja. Wewe unasemanga, si dawa ipo? Mkwe analeta blanketi na jogoo, wamama wazee wanamvika mama mkwe wakiimba, na ile aibu kati yao inaisha. Ndiyo, ipo. Lakini hayo ni mambo ya mizimu na mimi nimeokoka. Nilisimama mbele ya kanisa lote nikasema tambiko sifanyi tena mpaka nizikwe. Sasa unataka nimeze maneno yangu kama mate? Heshima nimeshika, wokovu nimeshika. Mungu alinipa mikono miwili.

Basi, mchana, mbingu ikawa nyeusi upande wa Nandi, msitu ukanyamaza, hata nyani. Kisha mawe. Si yale ya kila mwaka ambayo watoto wanaokotanga na bakuli. Haya yalikuwa kama mayai ya bata. Migomba ilichanika ikabaki kama kanzu ya mwendawazimu. Ndani walikuwa wanaomba, lakini mabati yalipiga kelele mpaka Pasta hakujisikia mwenyewe. Nilimwona dirishani, mdomo unafunguka na kufungika kama wa samaki. Wakaacha kuomba, wakaanza kuongea mdomo kwa sikio, wengine wakicheka kwa woga. Ndipo wakakumbuka niko nje.

"Mzee Andati, ingia," Pasta akaniita.

"Niko sawa."

"Mawe yatakuua."

"Haya mawe yametumwa kwa Farao. Mimi siitwi Farao."

Jescah, yule katibu wa kanisa mwenye mdomo, akapitisha karai la simiti dirishani. "Basi vaa kofia yako, ambaye huitwi Farao."

Nikavaa. Nikasimama na karai kichwani likilia kama kengele ya shule, na kila ombi lilipoisha nilitoa Amina ya nguvu kuwashinda wote walio ndani. Uliza mtu yeyote. Yalipokoma, uwanja ulikuwa mweupe wote na pumzi zilitoka midomoni kama moshi. Nilipata uvimbe mmoja begani. Kidogo.

Msalimu Were. Mwambie alishe ng'ombe vizuri, si kuwakamua mpaka waombe msamaha.

Pia nyumba ya nyanya yako ilianguka. Ukuta wa nyuma pamoja na paa. Yeye alikuwa kanisani, hakuumia.

Ni mimi baba yako,
Andati


Chekalini
18 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mtoto ananyonya vizuri na mimi napata nguvu polepole.

Baba, umeniandikia karatasi mbili kuhusu karai. Umeniandikia kuhusu Amina yako na jogoo wa Were. Halafu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kuwa hajatia chumvi, unaniambia nyumba ya kukhu imeanguka. Nililia mpaka mama mkwe wangu akadhani ni mtoto.

Kukhu ni mzee. Miguu yake inavimba hata wakati wa jua. Kwa baridi hii, akilala mahali penye unyevu, hatamaliza mwezi. Ningekuja kumchukua mimi, lakini mtoto ni mchanga na barabara imekatika huku, magari yanarudi yalikotoka. Kwa Jescah kumejaa watoto. Nyumba ya Pasta umeniambia tangu Agosti kuwa inavuja. Nyumba iliyobaki na paa zima karibu na kanisa ni ya nani? Ni yako. Vyumba vinne, na wewe ni mmoja.

Ile mila siidharau. Hapa kwangu mimi mwenyewe simpi baba mkwe wangu mkono. Lakini kuna blanketi, na hutaki blanketi. Kuna paa, na hutaki kukaa naye chini ya paa. Umefunga milango yote miwili halafu unasema mikono yako ni miwili.

Usinijibu kwa hadithi. Nijibu neno moja tu: kukhu analala wapi?

Mimi binti yako,
Rosebella


Isecheno
27 Novemba 1997

Kwa Rosebella.

Nimepokea barua yako kutoka kwa dereva wa lori la mahindi. Alikuwa amelowa kama ndizi ya kuchemsha. Nikamwambia asimame wima, mvua haipendi mtu aliyeinama.

Unataka neno moja. Mimi sijawahi kuwa mtu wa neno moja. Nilifika darasa la pili na nusu, na ile nusu ilibaki kwa sababu mwalimu alichoka kushindwa na mimi. Wacha nieleze vile ilikuwa.

Jumapili baada ya mawe, ibada ilipoisha, Pasta aliwaambia watu wasitoke. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya baridi, ya kusimama, isiyo na haraka. Akauliza, huyu mama yetu atakaa wapi? Mimi nikiwa dirishani nasikia yote. Jescah akasema kwake wanalala wakipishana kama sardini. Mwingine akasema jiko lake ni kavu lakini lina mbuzi. Wakaanza kuongea juu ya mbuzi huyo, kama anaumwa au anazeeka, mpaka Pasta akagonga meza.

Ndipo akanigeukia pale dirishani. "Mzee Andati, katika Kristo hakuna mkwe."

"Vizuri," nikasema. "Wako anaitwa nani?"

"Wangu nani?"

"Mama mkwe wako. Mtaje jina hapa mbele ya kanisa, kisha umwalike alale kwako leo."

Pasta akatazama Biblia yake kama imempotezea ukurasa. Watu wakacheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Benchi hilo si la mbao zangu.

Yule mama mwenyewe akasimama ndani. Simwangalii lakini sauti naijua. Akasema, "Kwa mkwe siendi. Hajanivika. Nikienda hivi hivi, wenzangu waliokufa watanicheka mlangoni." Na baadaye akaomba ombi refu, la kuomba jua, la kuombea wenye nyumba na wasio na nyumba, na akasema, "Bwana, umkumbuke na yule mtu aliye nje, ambaye jina lake mimi siwezi kulitaja, lakini wewe unamjua kwa sababu anapiga kelele."

Nikasema Amina. Ningefanya nini?

Kisha nikasema neno langu dirishani. Neno lenyewe si la kuandikwa kwa barua, na sikulisema ili lijadiliwe. Nikavaa kofia nikaenda zangu.

Umeuliza analala wapi. Watu wa kanisa walipanga, na mahali amepata. Mimi nalala mahali pangu, peke yangu, kama mwanaume. Paa moja sikukaa na mtu na sitakaa. Ukisikia mtu akisema nakohoa, ni moshi wa kuni mbichi.

Nimemaliza.

Baba yako,
Andati


Chekalini
8 Desemba 1997

Baba,

Leo alikuja mama mmoja anayenunua mahindi huko Shinyalu. Nilimuuliza habari za nyumbani, na alinieleza bila kujua mimi ni mtoto wa nani. Alisema huko kwenu kuna mzee wa kanisa, mpasuaji mbao wa zamani, amekataa katakata kulala nyumba moja na mama mkwe wake ambaye nyumba yake ilianguka. Na huyo mama mkwe, alisema, amewekwa katika nyumba isiyo na mwenyewe.

Nyumba isiyo na mwenyewe, baba. Naijua ile ya pale mtoni iliyohamwa, yenye mlango wa gunia. Hiyo ndiyo "mahali amepata"? Popo wanaishi humo.

Mama alipokuwa anakufa alinishika mkono akasema, "Mama yangu msimwache." Wewe ulikuwa umesimama pale pale. Ulisema, "Sawa." Nilisikia kwa masikio yangu.

Unaweza kusimama na karai kichwani mbele ya mawe ili watu wakuone. Lakini kumfungulia mlango mwanamke mmoja mzee, umeshindwa. Mimi sitaandika tena mpaka nisikie kukhu amehama hapo.

Rosebella


Isecheno
15 Desemba 1997

Kwa Rosebella.

Kama unaamini mwanamke wa mahindi kuliko baba yako, amini. Mahindi yake nayo yana fukusi.

Mimi sijitetei. Simba haendi kwa chifu kueleza kwa nini ana manyoya. Nilisema "sawa" kwa mama yako na sawa yangu ni sawa. Usinifundishe.

Mvua inaendelea. Mimi ni mzima kuliko wewe na Were mkichanganywa pamoja.

Andati


Isecheno
22 Desemba 1997

Kwa mjukuu wangu Rosebella.

Ninayeandika ni mimi Jescah, katibu wa kanisa, lakini maneno ni ya nyanya yako Muhonja. Anaongea Kiluhya, mimi naweka kwa Kiswahili, na amenikataza kupunguza.

Mjukuu wangu, nimesikia umemwandikia yule mtu barua kali. Nimejuaje? Aliisoma kwa sauti akiwa peke yake, na yeye akisoma hata msitu unasikia. Kisha alipasua kuni mpaka jioni. Zote. Hata zile ambazo zilikuwa zimepasuliwa.

Sasa sikiliza. Sikai mtoni na popo. Niko katika nyumba ya mama yako. Nalala katika chumba alichokuzalia wewe.

Siku ile ya kanisa yule mtu alisema dirishani, "Nyumba yangu nimehama. Kuanzia leo haina mwenyewe. Asiye na nyumba aingie." Akaenda. Tukadhani ni maneno yake ya kawaida. Jescah na wenzake walipofika walikuta ametoa kitanda chake, viti vyake, nguo zake, hata picha ya arusi na kikombe chake cha chai. Amefagia. Amewasha moto ukawaka vizuri. Hakuna kitu cha mkwe kilichobaki ndani. Basi nikaingia, maana nyumba isiyo na mkwe si nyumba ya mkwe. Hata wenzangu waliokufa hawana la kusema.

Yeye yuko ghalani, mle mnawekanga mahindi, juu ya vigingi. Kuta za fito, upepo unaingia huku unatokea kule. Mwaka huu mahindi ni kidogo, kwa hivyo amepata nafasi ya kulala amejikunja.

Nikipika obusuma, ugali wetu, na mboga, naweka sahani juu ya kisiki katikati ya uwanja, nageuka naingia ndani. Yeye anakuja anachukua. Sahani inarudi ikiwa safi. Hatuongei, sisi tuna adabu. Lakini kuna kuku mmoja mwekundu anayezunguka hapa, na huyo ndiye tunamtuma. Nikisema, "Wewe ingokho, hiyo mboga leo imezidi chumvi?" sauti inatoka ghalani, "Kuku, sema nimekula mbaya zaidi, tena katika nyumba nzuri zaidi."

Mjukuu wangu, anakohoa. Si moshi. Naijua sauti ya kifua, nimezika watu. Mvua ikipiga, yeye anaimba ili nisisikie kikohozi, na kikohozi kinaingia katikati ya wimbo. Nilifunga nguo zangu kwa kitambaa nikatoka mlangoni niondoke, ili arudi kwake. Akamwambia kuku, "Mwambie mtu fulani akivuka ule ua, nitaichoma hii nyumba na sisi sote tutalala nje." Atachoma. Unamjua.

Nimemwambia kuku mara nyingi habari ya blanketi. Anajibu kuwa ameokoka. Na mimi pia sina la kubadilisha. Sikuvikwa, sitakaa naye chini ya paa moja. Nimeshika adabu hii tangu mama yako akiwa bibi arusi, siwezi kuiacha leo kwa sababu ya mvua.

Lakini akifa ghalani, nitaitwa mwanamke aliyemtoa mkwe wake nyumbani akamuua. Mtafutieni njia. Wewe ulirithi kichwa chake, tumia.

Ni mimi Muhonja, kwa mkono wa Jescah.

Mimi Jescah naongeza langu: hawa wawili watatumaliza. Pasta amefunga kula kwa ajili yao na amekonda.


Chekalini
2 Januari 1998

Baba yangu,

Jescah amenieleza yote. Nimeisoma barua yake nikiwa nimemshika mtoto, na nilishindwa kumtazama mtoto usoni.

Kwa nini hukuniambia? Uliniacha nikutukane. Ungeandika mstari mmoja tu, "Rosebella, nyanya yako yuko kitandani pakavu," na mimi ningenyamaza. Najua kwa nini. Kwako ni aibu binti ajue kuwa baba yake ametolewa nyumbani na mama mkwe. Mimi naona ni jambo ambalo hakuna mwingine angefanya. Nisamehe.

Lakini ghalani hutakaa. Ukiniita mkaidi, nimetoka wapi? Were anakuja wiki ijayo, njia ikiwa wazi au imefungwa, hata kwa miguu. Ana blanketi ndani ya mfuko. Ni zito, jekundu, nililinunua mwenyewe. Kama utakubali, wamama wamvike kukhu nalo, urudi ndani ya nyumba yako. Kama hutakubali, Were atakuleta huku Chekalini. Najua mzazi halali nyumbani kwa binti aliyeolewa, kwa hivyo atakujengea kijumba chako nje ya ua wetu. Kukhu atabaki katika nyumba, na Jescah atamwangalia.

Chagua moja. Hakuna la tatu.

Binti yako,
Rosebella


Isecheno
19 Januari 1998

Kwa binti yangu Rosebella.

Nimekurudishia mume wako. Ukiona viganja vyake, usiulize nani amempiga. Hayo malengelenge ni ya msumeno. Ni kijana mzuri, lakini anasukuma badala ya kuvuta. Nimemfundisha.

Ulisema hakuna la tatu. Hapo ndipo ulikosea, kwa sababu kumwambia Andati hakuna ni kama kumwambia mbwa hakuna mfupa.

Were alifika Jumatatu amelowa. Akanikuta juu ya nyumba. Nilikuwa nimeshang'oa mabati ya katikati, mstari mzima, kutoka mbele hadi nyuma. Akasimama chini akishika mfuko wake wa blanketi.

"Baba, unafanya nini?"

"Unaona nini?"

"Naona unabomoa nyumba na kukhu yuko ndani."

"Yuko upande wa jua kuchomoza. Mimi niko upande wa jua kutua. Panda, ushike upande wa pili wa huu msumeno."

"Nimetumwa nikuchukue."

"Nichukue huku juu."

Akapanda. Tukakata ule mti mrefu wa juu unaobeba mabati, tukakata na ile ya kando, krau, krau, kama zamani tukipasua mvule. Mimi nilikuwa nakohoa, sikatai, unajua sasa hata nikikataa. Nilikohoa na nikakata. Yule mama alikuwa ndani anaimba wimbo, na vumbi la mbao likimwangukia. Tulipomaliza tukainua kuta mbili za mabanzi, moja upande wake, moja upande wangu, na katikati tukaacha nafasi ya mtu kupita na ndoo. Huko juu ni wazi. Ni mbingu tu. Were akachimba mtaro chini maji yapite. Nikatoboa mlango wangu upande wa msitu. Mlango wake ni ule wa zamani.

Habari zilifika kanisani kabla hatujashuka. Pasta Cleophas akaja na mwavuli wake uliovunjika mbavu.

"Mzee, hii ni kuabudu mila."

"Umeona kuku aliyechinjwa? Umeona mtu amevikwa blanketi? Hii ni useremala, Pasta. Hata Bwana Yesu alikuwa seremala, na hakuna aliyemwambia anaabudu mbao."

Akafikiria. Akasema atatafuta andiko. Mpaka leo anatafuta.

Kazi ngumu ilikuwa kwa wamama wazee, maana yule mama alisema hakai mpaka wenzake waseme kama ni paa moja au ni mapaa mawili. Wakaja na vitambaa vyao vya kanisa, wakazunguka, wakagonga, wakatazama juu. Wengine wakasema ni moja limepasuka. Wengine wakasema mawili. Wakaanza kubishana juu ya nyumba ya marehemu fulani ambayo iliwahi kupasuka kwa radi. Mvua ikaanza. Basi yule mkongwe wao, ambaye hata Pasta anamuogopa, akaingia katika ile nafasi ya katikati akasimama. Akanyeshewa kutoka kichwani hadi miguuni. Akatoka akikamua leso, akasema, "Niko kati ya nyumba na nimelowa. Aliyelowa yuko nje. Hizi ni nyumba mbili." Wakaitikia. Wakaenda kunywa chai kwa yule mama. Mimi nikaletewa yangu ikipitia nje, na ilikuwa moto.

Alhamisi mawe yakarudi. Kanisa bado lina mashimo ya mawe ya Novemba, kwa hivyo watu walikimbilia kwetu. Waliokuwa karibu na mlango wake waliingia kwake, waliokuwa karibu na mlango wangu waliingia kwangu. Nilikuwa na watu wengi kumshinda, usisikie mtu mwingine akikueleza tofauti. Jescah alikuwa kwangu. Pasta alikuwa kwake. Tukaomba. Yeye akiomba kule, huku tunaitikia. Mimi nikiomba huku, kule wanaitikia, na katikati mawe yanaanguka kwenye mtaro wa Were kama mtu anayemwaga mahindi. Yule mama akaanzisha wimbo juu sana, kama kawaida yake. Nikapiga ukuta.

"Wewe wa upande ule. Shusha."

"Wewe wa upande huo. Panda."

Kuku hatumtumi tena. Ukuta unatosha. Jescah alicheka mpaka akakaa chini, na watu waliendelea kuongea, kila mmoja na habari zake za mawe, ya nani yalitoboa nini, wakisikizana upande hadi upande, mpaka mvua ikanyamaza huko nje na bado wao wanaongea.

Blanketi nimemrudishia Were. Mfunike mtoto. Mwambie alitumiwa na babu yake ambaye hakuvika mtu, hakufukuza mtu, na hakuhamia Chekalini.

Kikohozi bado kipo kidogo. Jescah ameleta dawa ya chupa na nimeinywa, si kwa sababu inahitajika. Lakini sasa nakohoa nikiwa pakavu. Usimtume Were tena kunichukua. Akija, aje na msumeno wake mwenyewe, huu wangu ameulegeza.

Upande wake unatazama Nandi, kwa hivyo mvua hufika kwake kwanza. Naisikia ikipiga mabati yake kabla ya yangu. Jana alasiri nilikuwa nimekaa nanoa panga, akagonga ukuta. Mara nyingi. Si kwa upole.

"Inakuja tena," akasema. "Kubwa."

Nikamwambia, "Wacha ije."

Ni mimi baba yako,
Andati, mwenye nyumba mbili